Tangambili

Februari mwaka jana mdogo wangu aliniandikia kutoka Karatu: "Shikamoo dada. Tano au saba?"

Alikuwa akiuliza kuhusu tanga. Si tanga la jahazi, bali la ule ubao ambao mtu husimama juu yake, akashika tanga kwa mikono miwili na kuteleza juu ya maji. Tano na saba ni mita za mraba. Pesa aliyoiweka kutokana na tipu za misimu miwili ilitosha tanga moja lililokwisha kutumika, na mlingoti wake. Mama alikuwa ameshaipangia pesa hiyo kazi nyingine: mabati ya jiko. Kwa hiyo kama angekosea, angekosea mbele ya mama, na kila mvua ingemkumbusha.

Mimi sijui kusimama juu ya ubao. Nilisoma historia, na kwetu anayesoma historia huulizwa kila kitu.

Mdogo wangu ni dereva wa watalii. Huamka kabla ya jua, huwapandisha wageni hadi lango la Ngorongoro, kisha huwateremsha ndani ya kreta. Bahari aliijua ukubwani. Machi 2020 korona ilipothibitishwa nchini, wageni walikoma na magari yakalala. Anga ilifunguliwa tena mwezi Mei, lakini watalii hawakurudi kwa haraka. Akaenda Unguja kwa ndugu wa baba, akapata kibarua cha kubeba na kuosha vifaa vya michezo ya bahari katika pwani ya mashariki. Jioni walimwachia ubao. Ilikuwa Julai, kusi limeshika. Akajifunza kwa tanga dogo, akaanguka, akasimama, na siku moja hakuanguka. Tangu hapo akisema "upepo" maana yake ni ule.

Ndiyo maana alitaka tano.

Nilitafuta kanuni wanazotumia wenyewe. Ni rahisi: upepo ukizidi, tanga lipungue, mwili ukiwa mzito, tanga liongezeke. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa kilomita 37 kwa saa hutaka tanga la mita za mraba 4.7 hivi. Upepo wa kilomita 28 hutaka 6.3, na ukishuka hadi 22, tanga linakaribia 8. Mwenye nazo hununua matatu au manne na kuyapanga garini. Asiye nazo hugundua jambo lingine: kila tanga lina mlingoti wake. La mita tano huvaa mlingoti wa sentimita 400 hivi. La saba hutaka wa 460 hivi. Tanga la pili si tanga tu.

Ukitazama bei hizo utadhani mchezo huu ulizaliwa na matajiri. Kesi moja ya London inasema vingine. Wamarekani wawili wa California, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, waliomba hataza ya ubao wenye tanga mwaka 1968. Kampuni iliyomiliki hataza hiyo ilipoishitaki kampuni nyingine huko Uingereza, ushahidi uliletwa kwamba mwaka 1958 mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alikuwa amejitengenezea ubao wa aina hiyo na kuuendesha Hayling Island, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ilikataa madai ya wenye hataza. Kazi ya mikono ya mtoto ilitosha.

Lakini kwa swali la tano au saba, sikuhitaji kwenda mbali hivyo. Pwani yetu imelijibu kwa karne nyingi.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake: kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Nahodha wa jahazi alilijua hilo bila hesabu. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji, na kitabu chake kinaonyesha kazi ile ilivyokuwa. Tanga la pembe tatu la vyombo vile halikuwa la kukunjwa nusu upepo unapozidi. Chombo kikubwa kilibeba matanga ya ukubwa tofauti. Foromali iliteremshwa, tanga kubwa likafunguliwa, dogo likafungwa mahali pake, kisha kundi zima la mabaharia likavuta foromali juu tena. Huo ulikuwa utajiri: matanga mengi, na watu wengi wa kuyabadilisha.

Mvuvi wa ngalawa hakuwa na kimojawapo. Tanga lake ni moja, lina viraka, na limekatwa mara moja tu. Yeye habadilishi tanga, hubadilisha siku. Upepo usiolifaa tanga lake humkuta ufukweni akishona nyavu. Alipochagua ukubwa wa tanga alikuwa amechagua pia siku atakazokosa bahari.

Hapo nikaona kwamba mimi na mdogo wangu tulikuwa tunauliza swali lisilo lake. Tulikuwa tunauliza Unguja kuna upepo gani. Tulipaswa kuuliza kuna upepo gani siku ambazo yeye yuko Unguja.

Nikachukua karatasi, nikaandika miezi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi. Kusi hushika nguvu Juni mpaka Septemba. Kisha nikaandika miezi ya kazi yake. Watalii hujaa Ngorongoro Juni mpaka Oktoba, halafu tena kuanzia sikukuu za Desemba mpaka Februari au Machi. Mistari ililaliana. Upepo na wageni hufika pamoja. Anayebaki bila kazi Aprili na Mei, na tena Novemba, hubaki bila upepo wa maana.

Mabaharia wana jina la vipindi hivyo, ambapo pepo mbili kubwa zinapokezana na hakuna inayotawala. Huviita tangambili: upepo ni mwepesi na wa kugeuka, chombo kinaweza kuelekea huku au kule, lakini pole pole. Maisha yote ya mdogo wangu ya baharini, ukiacha mwaka ule wa korona, yataangukia tangambili.

Usidhani Karatu iko nje ya habari hii. Kusi lile linalosukuma ngalawa Paje haliishii ufukweni. Pepo za kusini-mashariki hupita nyika, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na kuacha unyevu wake kwenye miteremko ya Ngorongoro. Ndiyo sababu upande wa mashariki wa milima ile una msitu, na upande wa Olduvai ni mkavu. Ukungu unaowafanya wageni wa Julai watetemeke ukingoni mwa kreta unaletwa na kusi. Mdogo wangu yuko ndani ya upepo wake mwezi mzima, amevaa koti.

Na kitambaa cha tanga pia kilipanda huku, kwa njia nyingine. Baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Marekani mwaka 1833, pamba nzito isiyotiwa rangi, kutoka viwanda vya Massachusetts, ilienea Zanzibar mpaka ikaitwa merikani. Pwani iliweza kushonwa nguo, hema au tanga. Bara ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, minane ni doti, na misafara ilinunulia chakula na kulipia hongo. Machi 1892 Mwaustria Oscar Baumann, aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa, alifika Ngorongoro na msafara ulioanzia Tanga, mji ambao jina lake katika sikio la Mswahili ni lilelile la tanga la chombo. Alikuta watu wamekwisha. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, na Wamaasai waliobaki walikuwa mifupa na ngozi, wakiomba chakula. Kipindi hicho wao wenyewe hukiita Emutai. Misafara ya wakati ule ilitembea na mizigo ya vitambaa, lakini kitambaa hakiliwi. Doti lililokuwa mali mwaka mmoja huweza kuwa mzigo tu mwaka wa pili. Inategemea limefika wapi, na msimu gani.

Sitaki kufananisha njaa ile na mchezo wa kijana mmoja. Ila kitambaa hakina thamani ya peke yake, na hilo linahusu tanga la mitumba kama lilivyohusu merikani.

Nikamjibu: "Saba."

Akanipigia, amekasirika. Saba ni tanga la wazee, akasema. Kusi likivuma nitafanya nini nalo? Nikamwambia, kusi likivuma utakuwa kreta, unamtafutia mgeni faru. Akanyamaza. Nikaendelea: jedwali linakwambia tanga la Unguja, mimi nakwambia tanga lako. Tano ni tanga la mtu ambaye yuko kule Julai. Ulikuwa huyo mtu mara moja, na unajua kwa nini.

Kimya chake kilikuwa kirefu. Kununua saba kulikuwa kukubali kwamba mwaka ule hautarudi, na kwamba ni vizuri usirudi, kwa sababu ulikuwa mwaka ambao kila nyumba ya Karatu ilihesabu unga.

"Na wingu jeusi?" akauliza.

"Ni masika. Likitokea, unarudi pwani. Hata mwenye matanga manne anarudi."

Alinunua saba, pamoja na mlingoti wa 460. Ubao hukodi, ule mpana. Pesa iliyobaki ilitoa mabati sita, na mama anasema yaliyosalia yatafuata. Mwezi Mei alinitumia picha: maji kama kioo kilichokunjamana, tanga kubwa limejaa kidogo tu, naye amesimama wima, haendi kasi. Alisema amefika mpaka karibu na mwamba na kurudi, na kwamba hakuna aliyekuwa majini isipokuwa yeye na mzee mmoja wa ngalawa, ambaye alimtazama tanga lake na kumwuliza amelipata kwa bei gani.

Julai nilimpigia. Alikuwa ukingoni mwa kreta, anasubiri ukungu uondoke ili wageni waone chini. Nilisikia upepo kwenye simu, mkali, ukipiga mlango wa gari. Nikamwuliza ungefaa tanga gani.

"Huu?" akasema. "Huu ni wa tano."

Kisha akaniaga, wageni wanaita.