Hatua ya Mita 50

Donkey Kong ya 1981 ilikuwa na hatua nne. Iliishi ndani ya mashine kubwa ya kutumbukiza sarafu, yenye skrini iliyosimama wima. Nintendo ilipotoa Famicom, Julai 1983, mchezo huo ilibidi ukunjwe: TV ya nyumbani imelala, na kaseti ilibeba kilobaiti 24 tu. Hatua ya mita 50, ile ya mikanda inayosafirisha simenti, ikaachwa nje.

Kaseti hiyo ndiyo iliyonakiliwa kwenye zile TV game feki zilizotufikia hadi Matiliku, michezo kibao ndani ya kaseti moja. Pale sokoni tulilipa shilingi tano, tukaruka mapipa, tukapanda lifti, tukang'oa misumari. Hakuna aliyejua kuna hatua imepungua. Kwetu nakala ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe.

Kuna wanaosema tulipewa mabaki. Sawa, lakini ile mashine nzima, na hatua zake zote nne, haikuwahi kupita barabara yetu. Kilichofika ni kile kilichokubali kupunguzwa, na humo ndimo wengi wetu tulishika kompyuta kwa mara ya kwanza, bila hata kujua ni kompyuta.