Vigae vya Kilima cha Mkukutu

Tutajapo magofu ya pwani yetu, fikira hukimbilia Kilwa Kisiwani, penye msikiti mkuu wa mawe na jumba la Husuni Kubwa. Aliyezoea hayo, akizunguka kutwa katika vilima vyenye miti karibu na Kibiti, aweza kurudi jioni akisema hakuona kitu. Kumbe amekanyaga historia.

Wazee wetu wa kale waliokaa bondeni Rufiji walijenga kwa miti na udongo. Nyumba zikaoza, vikasalia vigae vya vyungu. Katika kilima cha Mkukutu, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga za kioo za Kirumi, akatangaza habari zake mwaka 1999. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, chataja Rhapta, soko la pwani hii lililouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mahali penyewe pa Rhapta wataalamu wangali wakibishana; lakini shanga zashuhudia kwamba bidhaa za mbali zilifika hapa karne nyingi kabla ya majumba ya Kilwa.

Kigae kikiondolewa mahali pake huwa bubu. Hivyo walimu wawapeleke vijana vilimani, wakatazame, wapime, wachore, kisha waviache. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Lakini mlinzi wa kwanza ni mwenye jembe na mwenye tanuri la mkaa. Tusipomfundisha huyo, tutafuta kwa mikono yetu maandishi ya wazee wetu.