HESABU ZA MAFUNDI NA UKWELI WA MIPANGO

Kila mpango wa maendeleo husimama juu ya hesabu. Hesabu zikiwa za uongo, mpango nao huwa wa uongo, hata kama nia ya viongozi ni safi. Historia ya elimu ya ufundi nchini Tanzania inatufundisha kuwa takwimu si kazi ya makarani peke yao. Ni suala la siasa, kwa kuwa anayeamua nini kihesabiwe ndiye anayeamua nani aonekane.

Wakoloni waliigawa elimu kwa rangi, na taarifa zake wakazigawa vivyo hivyo: Wazungu mbali, Waasia mbali, Waafrika mbali. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi za miaka ya 1950 zilikusudiwa kutoa mafundi waliohitajiwa na uchumi wa kikoloni. Mhunzi aliyefua majembe kijijini na fundi aliyeunda majahazi pwani hawakuwa na nafasi katika mizani hiyo, ingawa wananchi waliishi kwa kazi ya mikono yao.

Baada ya Uhuru, utafiti wa George Tobias wa mwaka 1962 ulipima mahitaji ya watumishi wa ngazi za juu. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ukaweka shabaha ya nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Shabaha hiyo ilikuwa ya haki, maana nchi ilirithi wasomi wachache mno. Lakini kipimo kilichotumika kilikuwa zaidi kile cha kisomo cha sekondari na chuo kikuu. Ujuzi wa wakulima, waliokuwa wengi kupita kiasi, ulibaki nje ya hesabu.

Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliipinga fikra hiyo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na vituo vya ufundi kwa vijana waliomaliza shule za msingi vikaanzishwa. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi. Hapo ndipo tatizo jipya lilipojitokeza. Vituo hivyo vilikuwa chini ya Wizara ya Elimu, na mafunzo ya ufundi ya viwandani chini ya Wizara ya Kazi. Penye njia mbili za taarifa, kijana aliyepita kote kuwili aweza kuhesabiwa mara mbili, na aliyeacha njiani asiulizwe na yeyote. Aidha, vituo vingi vilikosa vifaa. Taarifa ikisema kwamba kituo kipo, haijasema kama kina randa, msumeno na mbao.

Sheria ya 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na mwaka 1997 likaundwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi. Lakini chombo kipya hakileti ukweli chenyewe. Mahali ambapo sifa na fedha hufuata idadi ya walioandikishwa, kishawishi cha kutia chumvi hakikosekani.

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo matatu:

(i) Kuandikishwa, kufaulu majaribio ya ufundi na kufanya kazi ya ufundi ni mambo matatu mbalimbali. Kila moja lihesabiwe peke yake.

(ii) Kila neno katika fomu liwe na maana moja nchi nzima, na kila mwanafunzi awe na namba moja popote aendapo.

(iii) Taarifa zirudi karakanani, zisomwe mbele ya walimu na wanafunzi wenyewe. Wao ndio wanaojua mashine ipi imekufa na nani ameondoka.

Mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili, Mwalimu Nyerere aliiita hotuba yake "Kupanga ni Kuchagua". Hakuna awezaye kuchagua vema kwa hesabu za kujipendekeza. Ahadi ya mwanachama ya kusema kweli daima haiishii mkutanoni. Inamfuata kada hadi kwenye fomu anayoijaza.