Majumba ya Kilwa na Watu Walioyalipia

Sisi wa Singida tu watu wa bara. Maji tuliyoyazoea ni yale ya Singidani na Kindai, na meli wengi wetu twaijua kwa picha tu. Kwa hiyo msomaji akikuta jina la Kilwa, upesi husema moyoni, "Hizo ni habari za watu wa pwani, hazituhusu." Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba zatuhusu sana. Tumekwenda wenyewe, waalimu wachache pamoja, tukazunguka kutwa moja katika majumba ya kale, na tuliyoyaona twayaeleza hapa pamoja na yale yaliyoandikwa na wenye kuchunguza.

Kwanza yafaa tutenganishe majina, maana Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndio mji wa serikali ulioko bara, katika mkoa wa Lindi. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani ulioko kaskazini yake, ufukoni. Kilwa Kisiwani ndiyo Kilwa ya kale, nayo iko kisiwani mbele ya Masoko. Atokaye Dar es Salaam hufuata njia ya kusini, huvuka mto Rufiji juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2003, hata afike Masoko. Hapo hupewa kibali na kiongozi, kisha hupanda mashua. Mkondo wenyewe si mpana. Aondokaye asubuhi huweza kuona majumba makuu yote na kurudi kabla ya jua kutua.

Je, nani aliyeujenga mji huu? Iko tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, isemayo kwamba Ali bin al-Hassan alikuja kwa jahazi kutoka Shirazi, nchi ya Uajemi. Alikikuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo nyingi kiasi cha kukizunguka kisiwa chote. Habari hii ni tamu, na wengi waliisoma wakakata shauri kwamba kila jiwe la Kilwa liliwekwa na mkono wa mgeni, na Mwafrika hakuwa na lake ila kupokea nguo.

Lakini ardhi nayo ina tarihi yake. Mtaalamu Neville Chittick alichimba huko katika miaka ya 1960, akakuta kwamba chini ya majumba ya mawe zimo alama za nyumba za miti na udongo za tangu karne ya 9. Watu wa nyumba hizo walivua samaki, walifua chuma, walifinyanga vyungu. Tena mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwa mojawapo. Walikuta kwamba wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa mama wa Kiafrika, na sehemu kubwa ya iliyosalia ilitoka kwa baba wa Kiajemi. Basi tarihi haikusema uongo iliponena habari za Shirazi, ila ilisahau kuwataja akina mama. Mgeni alifika, akaoa katika mji uliokuwapo, na watoto wao wakaukuza.

Jumba kubwa kupita yote laitwa Husuni Kubwa. Limesimama juu ya jabali mbali kidogo na mji, likitazama bahari. Lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Vyumba vyake vyapita 100. Kuna ua wa kuwekea bidhaa, kuna baraza ya kupokelea watu, na kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa wakati wa sultani huyu, akausifu mji kwa uzuri wake, na sultani akamsifu kwa ukarimu. Hata hivyo jumba lenyewe halikumalizika kujengwa.

Mtu wa bara akiingia humo atastaajabu jambo moja: vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni dari. Dari za Kilwa zilikuwa bapa, zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu. Basi upana wa chumba cha sultani uliamriwa na mti. Jambo hili sisi twalielewa bila kufundishwa. Tembe zetu nazo zina paa bapa, miti imelazwa na udongo umewekwa juu, na aliyejenga tembe ajua kwamba mti ukiisha, chumba nacho kimeisha. Wao walitumia mawe ya matumbawe waliyoyakata baharini yakiwa laini, na chokaa waliyoipata kwa kuyachoma matumbawe hayo juu ya magogo. Vitu vilikuwa tofauti, lakini akili ya ujenzi ni ile ile ya kutazama nchi yatoa nini.

Sasa twauliza: fedha za kujengea Husuni Kubwa zilitoka wapi? Kisiwani hapana dhahabu. Dhahabu ilichimbwa mbali sana, katika nchi ya juu ya Zimbabwe, ikachukuliwa hata bandari ya Sofala, iliyoko pwani ya Msumbiji. Kilwa iliitawala biashara ya Sofala, ikatoza ushuru. Ushahidi wa njia hiyo ni sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman iliyookotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Basi nyuma ya birika lile la pembe nane walikuwako watu wa bara waliokuwa mashimoni wakivunja mawe, ambao bahari hawakuiona kamwe. Hao tarihi haikuwataja.

Utajiri ukisikika, huita wenye nguvu. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alifika na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na jeshi. Mmoja wa waliosafiri naye aliandika kwamba mapadre walishuka na misalaba miwili wakiimba sifa za Mungu, msalaba ukasimikwa penye jumba la mfalme, mkuu wa jeshi akasali, kisha watu wote wakaanza kuuteka mji nyara. Walijenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Ngome ionekanayo leo, iitwayo Gereza, ilijengwa baadaye mahali pale pale katika zamani za Waarabu wa Omani.

Dhahabu ile ya kodi ilikwendaje? Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru ifanywe chombo kizuri cha kuwekea Ekaristi ionekane na waumini, nacho kilimalizika mwaka 1506. Chombo hicho kiko hata leo katika nyumba ya makumbusho mjini Lisbon. Sisi Wakristo haitupasi kuuruka ukurasa huu. Dhahabu iliyochimbwa na watu wa bara, ikatozwa ushuru na watu wa kisiwa, ikanyang'anywa na watu wa ng'ambo, iliwekwa juu ya altare. Uzuri wa kazi ya sonara haufuti jinsi ilivyopatikana.

Twende sasa Makutani, karibu na kijiji cha leo. Hili ni jumba la masultani wa karne ya 18, lenye ukuta mrefu kulizunguka. Wakati huo dhahabu ya Sofala ilikuwa imekwisha kuwaponyoka. Waliuza nini basi? Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa mmoja, jina lake Morice, wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya mashamba vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo, na misafara ya watu waliofungwa ilishuka huko kutoka pande za ziwa Nyasa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba.

Hapo ndipo habari za Kilwa zinapotufikia sisi. Njia ya kwetu haikushuka Kilwa, ilishuka Bagamoyo. Misafara ya Tabora ilipita katika pori la Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa imo katika mkoa wetu, ikaingia Ugogo na kuendelea pwani. Watu walichukua pembe za ndovu mabegani, na wengine walikwenda wakiwa wamefungwa. Hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ile ya miguu ikapoteza kazi yake. Bandari ni mbalimbali, lakini kanuni ilikuwa moja: jumba lasimama pwani, na bei yake hulipwa bara.

Kilwa Kisiwani leo si mji mfu. Kijiji chake kina wavuvi na wakulima, na watoto hucheza karibu na kuta ambazo Ibn Battuta alikaa katika mji wake. Kisiwa hiki pamoja na Songo Mnara viliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 vilitiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa kuwa mawimbi na mvua zilikuwa zikila kuta, na baada ya kazi nyingi vikaondolewa humo mwaka 2014.

Mawe ya Kilwa yamepata walinzi. Waliovunja dhahabu, waliochukua pembe, na waliofungwa hawakuacha mawe. Waliacha maneno tu kwa watoto wao. Kwa hiyo twawaomba wasomaji, hasa waalimu wenzetu wa Manyoni na Iramba: mwulizeni mzee wa nyumba yenu nani katika ukoo alikwenda pwani, alichukua mzigo gani, na kama alirudi. Andikeni jina lake katika daftari, na jina la aliyewasimulia, na mwaka. Neno la mzee halina paa la chokaa. Likikosa kuandikwa, hakuna wa kulichimba.