Kandokando ya Bwawa: Historia ya Kuwalinda Watoto Katika Mafunzo ya Kuogelea Nchini Uingereza

Mafunzo ya kuogelea nchini Uingereza yalienea kwa sababu ya hofu ya maji, na kwa zaidi ya miaka 100 usalama wa mtoto bwawani ulieleweka kwa maana moja tu, yaani mtoto asizame. Sheria ya mabafu na nyumba za kufulia ya 1846, iliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kujenga mabafu ya umma kwa fedha za kodi, ilitungwa kwanza kwa ajili ya usafi wa wafanyakazi wa miji ya viwanda, na ni marekebisho ya 1878 yaliyoweka wazi kwamba mamlaka hizo zingeweza kujenga pia mabwawa ya kuogelea yaliyoezekwa. Wakati huo vilabu vya waogeleaji vilikuwa vimekwisha kuungana mjini London tangu 1869 katika umoja ambao mwaka 1886 ulichukua jina la Chama cha Waogeleaji wa Ridhaa, ikimaanisha waogeleaji wasiolipwa, na mwaka 1891 kikaanzishwa chama cha uokoaji majini kilichosambaza mbinu za kumtoa mtu majini na kumrudishia pumzi. Katika miaka hiyohiyo, na katika mji huohuo, lilizaliwa pia vuguvugu la kumlinda mtoto dhidi ya ukatili wa watu wazima: chama cha London cha kuzuia ukatili kwa watoto kilianzishwa mwaka 1884, kikawa cha kitaifa mwaka 1889, mwaka ambao Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kuadhibu ukatili huo. Chama hicho hadi leo kinajulikana kwa kifupi chake, NSPCC.

Mambo hayo mawili, kumwokoa mtoto majini na kumwokoa mtoto mikononi mwa mtu mzima, yalikua kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali, na ilichukua zaidi ya karne moja kabla hayajakutana bwawani. Sababu moja ni kwamba ukatili kwa watoto ulifikiriwa kuwa jambo la nyumbani, hasa nyumba za maskini na walevi, ilhali kilabu cha michezo kilihesabiwa kuwa mahali pa kumtoa mtoto katika mazingira hayo. Mtu aliyejitolea saa zake za jioni kuwafundisha watoto wa wenzake alistahili shukrani, na ni vigumu kumhoji mtu ambaye wewe mwenyewe una deni la shukrani kwake.

Hata hivyo bwawa la ndani, likitazamwa kama mahali, lina mambo kadhaa ambayo darasa la hesabu halina. Mtoto huvua nguo karibu zote. Mwalimu hulazimika mara nyingine kumshika ili mwili wake uelee, au kuunyoosha mkono wake ili ajue mpigo sahihi. Vyumba vya kubadilishia nguo vimefichwa kwa makusudi, kwa kuwa staha inadai hivyo. Na mzazi, aliyekaa ng'ambo ya kioo au aliyekwenda kazini, husikia kelele tu zinazorudishwa na kuta. Watoto wa pwani ya Afrika Mashariki waliojifunza kuogelea wakati wa maji kujaa, wakifundishwa na kaka zao mbele ya wavuvi na wapita njia, walikuwa na hatari nyingi zaidi za bahari lakini hawakuwa katika jengo la namna hiyo. Kwa mwogeleaji wa mashindano hali ilizidi, kwa sababu mazoezi huanza alfajiri kabla ya shule, safari za mashindano huhusisha kulala mbali na nyumbani, na kocha ndiye anayeamua nani ateuliwe na nani aachwe. Mtoto wa miaka 13 anayetamani kuiwakilisha nchi yake hujifunza mapema kwamba kumkasirisha mtu mmoja kunaweza kuifuta ndoto yake yote.

Jambo lililoulazimisha mchezo huo kujitazama lilikuwa kesi ya Paul Hickson, aliyekuwa kocha wa timu ya kuogelea ya Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya 1988. Mashtaka dhidi yake yalihusu wasichana aliowafundisha katika kipindi cha miaka takribani 15; aliposhtakiwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoroka akiwa nje kwa dhamana, na ni mwezi Septemba 1995 tu ambapo mahakama ya Cardiff ilimtia hatiani kwa ubakaji na makosa mengine ya kingono na kumhukumu kifungo cha miaka 17. Kilichowashtua viongozi wa michezo si uzito wa makosa peke yake, bali namna yalivyowezekana kwa muda mrefu hivyo katika vilabu vyenye kamati, makatibu na vikao, kwa mtu aliyekuwa amepanda ngazi zote za heshima ambazo mchezo wake ulikuwa nazo. Hapakuwa na mtu ndani ya kilabu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza neno la mtoto dhidi ya kocha, wala utaratibu ulioeleza neno hilo, likishasikika, lipelekwe wapi.

Yapo mambo yaliyokwisha kusemwa kabla ya hukumu hiyo. Celia Brackenridge, mwanazuoni aliyewahi kuichezea Uingereza katika mchezo wa lakrosi, alikuwa ameanza tangu miaka ya 1980 kuuliza maswali kuhusu unyanyasaji wa kingono michezoni, na kwa muda mrefu alionekana na wengi kama mtu anayeuchafua mchezo. Kitabu chake, Spoilsports, kilitoka mwaka 2001, na jina lake lenyewe linadokeza jinsi watu wa aina yake walivyoitwa. Mwaka huohuo NSPCC na baraza la michezo la Uingereza, Sport England, walianzisha kwa pamoja kitengo maalumu cha kuwalinda watoto michezoni, ambacho kilianza kuvitaka vyama vya michezo vinavyopokea fedha za umma viwe na sera ya maandishi, mtu mahususi wa kuisimamia na njia ya kupokea malalamiko. Inafaa kutambua kwamba nguvu ya mageuzi haya ilitoka kwenye ruzuku zaidi kuliko kwenye huruma, kwani chama kisichotimiza masharti kilijua kwamba mfuko wake ungepungua.

Nchi jirani ya Ireland ilipita njia hiyohiyo, kwa uchungu zaidi. Derry O'Rourke, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa katika Olimpiki, alikiri makosa mengi dhidi ya wasichana aliowafundisha na kufungwa mwezi Januari 1998. Serikali ikamwagiza wakili Roderick Murphy achunguze namna chama cha kuogelea kilivyoshughulikia malalamiko, na ripoti yake ya mwaka huo ilionyesha viongozi waliosikia na hawakutenda ipasavyo. Chama hicho kilipoteza fedha za serikali, na mwaka 1999 kikaibuka upya kwa jina la Swim Ireland. Marekani ilichelewa: ni mwaka 2010, baada ya kesi za madai na taarifa ya televisheni, ambapo shirikisho lake la kuogelea lilichapisha orodha ya makocha 46 waliopigwa marufuku, na kituo huru cha kupokea mashauri ya aina hii katika michezo yote ya Olimpiki kilifunguliwa mwaka 2017.

Nchini Uingereza hatua iliyofuata haikutokana na bwawa bali na mauaji ya wasichana wawili katika mji mdogo wa Soham mwezi Agosti 2002, ambayo yalifanywa na mlinzi wa jengo la shule ambaye tuhuma zake za nyuma hazikuwa zimefika kwa waliomwajiri. Ofisi ya kuhakiki rekodi za jinai, yaani kumbukumbu za polisi na mahakama kuhusu mtu, ilikuwa imeanza kazi mwezi Machi mwaka huohuo. Ripoti ya Sir Michael Bichard ya 2004 iliipa kazi hiyo uzito mpya, na kuanzia hapo walimu wa kuogelea, makocha na wazazi waliojitolea walizoea kujaza fomu kabla ya kukabidhiwa watoto. Uhakiki huo una faida yake, hasa kumzuia mtu aliyekwisha kuhukumiwa asihamie mji mwingine na kuanza upya. Lakini ulipewa imani kubwa kuliko uwezo wake, kwa kuwa cheti hueleza tu yale ambayo vyombo vya dola vimekwisha kuyajua, na mtu ambaye hajawahi kulalamikiwa na yeyote hupata cheti safi sawasawa na mtu mwema. Ukimya uleule uliowalinda makocha wa miaka ya 1980 ungewapatia vyeti safi pia.

Kwa sababu hiyo sehemu yenye manufaa zaidi ya mageuzi hayo ni ile isiyovutia magazeti, yaani kanuni ndogondogo zinazolipanga upya jengo, saa na mawasiliano. Mwongozo wa chama cha kuogelea, unaoitwa Wavepower, humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama ana medali, na hukitaka kila kilabu kiwe na afisa ustawi, mtu ambaye kazi yake ni kupokea wasiwasi wa mtoto, mzazi au kocha mwenzake na kuufikisha panapostahili bila kujifanya mpelelezi. Mtu mzima hatakiwi kuwa peke yake na mtoto katika chumba cha kubadilishia nguo. Picha hazipigwi vyumbani humo kabisa, na zile za kandokando ya bwawa zinahitaji idhini ya mzazi. Kanuni hii ilipata umuhimu mpya simu zilipoanza kuwa na kamera. Kocha hamtumii mtoto ujumbe wa faragha, bali humwandikia mzazi au hujumuisha mtu mwingine katika mawasiliano. Mwalimu anapolazimika kumshika mwanafunzi, hueleza kwanza anachotaka kufanya na kwa nini, na hufanya hivyo mahali panapoonekana na wengine.

Kanuni kadhaa kati ya hizi zilikutana na mazoea ya zamani ya kuzuia kuzama. Mwalimu hufundishwa kusimama kandokando badala ya kuingia majini, ili aone kundi zima kwa wakati mmoja, na waokoaji wa bwawa mara nyingi huwa watu tofauti na wanaofundisha, ili jicho moja lisigawanywe kwa kazi mbili. Mpangilio huo uliwekwa kwa hofu ya maji, lakini unafanya kazi vilevile dhidi ya hatari nyingine, kwa kuwa unaongeza idadi ya watu wazima wanaotazamana.

Sheria ya jinai ilibaki nyuma ya kanuni hizo kwa muda usioelezeka kirahisi. Umri wa kukubali tendo la ndoa nchini humo ni miaka 16, lakini sheria iliyoanza kutumika Januari 2001, na kuingizwa baadaye katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2003, ilifanya kuwa kosa kwa mtu aliye katika nafasi ya kuaminiwa, yaani mwenye mamlaka ya malezi au elimu juu ya kijana, kuwa na uhusiano wa kingono na kijana huyo hadi afikishe miaka 18. Mwalimu wa shule aliorodheshwa, kocha hakuorodheshwa. Hivyo, mwalimu aliyesimamia somo la kuogelea la wanafunzi wake asubuhi alibanwa na sheria hiyo, ilhali kocha wa kilabu aliyekuja jioni kwenye bwawa lilelile, kumfundisha kijana yuleyule wa miaka 16, hakubanwa nayo, ingawa kwa mwogeleaji wa mashindano kocha ana nguvu kubwa kuliko mwalimu yeyote. NSPCC na Tanni Grey-Thompson, bingwa wa zamani wa mbio za viti vya magurudumu na mjumbe wa Baraza la Malodi, walikuwa miongoni mwa waliodai pengo hilo lizibwe, na ufichuzi wa unyanyasaji katika soka ulioanza mwishoni mwa 2016 uliongeza shinikizo. Bado serikali moja baada ya nyingine ziliona kwamba sheria zilizopo zilitosha.

Marekebisho yalipita hatimaye mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 28 Juni katika England na Wales, karibu miaka 27 baada ya hukumu ya Cardiff. Sasa anayefundisha, kunoa au kusimamia kijana mara kwa mara katika mchezo, na vilevile katika dini, yumo ndani ya nafasi ya kuaminiwa, na haijalishi kama analipwa au anajitolea. Maneno "mara kwa mara" yanamwacha nje mkufunzi wa siku moja katika bwawa la hoteli, na kutajwa kwa michezo na dini pekee kunamwacha nje mwalimu wa kinanda anayemfundisha kijana nyumbani, na anayemfundisha kuendesha gari, wawili hao wakiwa peke yao.