Mlango wa Kuingia na Mlango wa Kutoka

(Mazungumzo ya redio. Somo: Yohana 6:60–69)

  Kama una Biblia karibu nawe, ifungue katika Injili ya Yohana, sura ya 6, tangu mstari wa 60. Bwana Yesu amefundisha neno gumu, na wengi waliokuwa wakimfuata wanarudi nyuma. Yesu hawakimbilii na kuwashika nguo. Hawatishi. Anawageukia wale 12 na kuwauliza kama wao nao wanataka kwenda zao. Ndipo Petro anapojibu kwamba hana mwingine wa kumwendea. Ndugu msikilizaji, jibu la Petro lina thamani kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuondoka, naye akabaki.

Lishike neno hilo moyoni, maana leo nataka tuangalie pamoja habari iliyowasumbua wazazi wengi na maaskofu wengi, habari ya chama cha walei Wakatoliki kiitwacho Opus Dei. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni Kazi ya Mungu.

Tuseme una kijana wa miaka 16. Amealikwa na rafiki kwenda mahali pa kusomea, penye vitabu, utulivu na watu wenye adabu. Wewe unafurahi. Baada ya miezi kadhaa unaona amebadilika. Anasali sana, jambo jema, lakini ukimwuliza huko anakokwenda anajibu kwa maneno machache. Siku moja unagundua kwamba ameandika barua ya kutoa maisha yake yote, asioe kamwe, na wewe mzazi wake hukuambiwa. Utasema nini? Je, umshukuru Mungu au ulie? Wazazi wa nchi mbalimbali wamejikuta katika hali ya namna hiyo, na ndiyo sababu ya mazungumzo yetu.

Chama hiki kilianzishwa huko Madrid, Hispania, tarehe 2 Oktoba 1928, na padre kijana aliyeitwa Josemaría Escrivá. Wazo lake lilikuwa zuri, nasi tuseme hivyo bila choyo. Alifundisha kwamba utakatifu si mali ya mapadre na watawa peke yao. Fundi, mwalimu, karani na mama wa nyumbani wanaweza kumtumikia Mungu katika kazi yao ya kila siku, wakiifanya vizuri na kwa moyo safi. Mwaka 1930 wanawake nao walianza kupokelewa. Wengi wa wanachama ni watu wenye ndoa na watoto. Wengine huishi bila kuoa wala kuolewa, na baadhi yao hukaa pamoja katika nyumba za chama.

Basi usiri ulitoka wapi? Kwanza, Escrivá alisema mlei si mtawa, kwa hiyo hana haja ya vazi maalum wala alama ya kumtambulisha. Pili, nyakati zilikuwa mbaya. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, tangu 1936 hadi 1939, mapadre na watawa zaidi ya 6,000 waliuawa. Escrivá mwenyewe alijificha mjini Madrid, hata ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha mwishoni mwa 1937 akavuka milima ya Pyrenees kwa miguu. Mtu aliyepita katika hatari kama hiyo hujifunza kufunga mdomo.

Lakini vita vilikwisha, na kunyamaza kukabaki. Katiba ya chama ya mwaka 1950, iliyoandikwa kwa Kilatini, iliwaagiza wanachama wanyamaze kuhusu majina ya wenzao, na mtu asijitangaze kuwa mwanachama bila ruhusa. Na chama hakikuwa tena kikundi cha wanafunzi wachache. Mwaka 1957 Jenerali Franco, mtawala wa Hispania, aliwaweka watu wa Opus Dei katika baraza lake la mawaziri, kusimamia biashara na fedha. Chama kilisema kila mwanachama yuko huru katika siasa, na mambo hayo ni yake mwenyewe. Hata hivyo watu wakauliza: wako wangapi? Nani ni nani? Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Aliye nje ya mtungi hubaki kukisia, na makisio huzaa hofu, na hofu huzaa uvumi.

Sasa twende Uingereza. Mwezi wa Januari 1981, gazeti la The Times la London lilichapa makala ndefu juu ya Opus Dei. Ndani yake yalielezwa malalamiko ya watu waliowahi kuwa ndani: kwamba vijana walitafutwa wakiwa wadogo mno, kwamba walishauriwa wasiwaambie wazazi wao, kwamba aliyetaka kuondoka alilemewa kwa maneno mazito. Wanachama wengine walikanusha, wakasema wao wamepata furaha na amani humo.

Askofu Mkuu wa Westminster wakati ule alikuwa Kardinali Basil Hume. Mtu huyu hakuwa adui wa maisha ya sala. Yeye mwenyewe aliingia utawani mwaka 1941, akiwa na miaka 18, na baadaye alikuwa mkuu wa watawa wa Ampleforth, ambao wakati ule walikuwa na shule ya wavulana. Aliwajua vijana. Alijua jinsi moyo wa kijana unavyoweza kuwaka moto leo, na kesho usijue moto ulikwenda wapi.

Kardinali Hume angeweza kunyamaza ili kulinda jina la Kanisa. Angeweza pia kuwafukuza ili asifiwe na magazeti. Hakufanya hili wala lile. Tarehe 2 Desemba 1981 alitoa hadharani mashauri manne kwa Opus Dei katika jimbo lake. Nitayaeleza kwa maneno yangu, nanyi mwayaandike kama mna kalamu.

La kwanza, mtu asiyetimiza miaka 18 asiruhusiwe kuweka nadhiri wala kujifunga kwa muda mrefu.

La pili, kijana anayetaka kujiunga azungumze kwanza na wazazi au walezi wake. Kama kuna sababu nzuri ya kutowaendea, sababu hiyo izungumzwe na askofu au mwakilishi wake.

La tatu, mtu awe huru kuingia na huru kutoka bila kushurutishwa, na awe huru kumchagua kiongozi wake wa kiroho, awe mwanachama au asiwe.

La nne, kila kazi ya Opus Dei jimboni ionyeshe waziwazi ni nani anayeidhamini na kuiendesha.

Kardinali aliongeza kwamba mashauri hayo hayakuwa shutuma juu ya uaminifu wa wanachama wala juu ya bidii yao. Alitaka kuondoa wasiwasi wa watu na kutia nguvu mwenendo mwema. Hivyo ndivyo mchungaji anavyofanya: hampigi kondoo, wala hamwachi apotee.

Mwaka uliofuata, 1982, Papa Yohane Paulo II aliipa Opus Dei cheo kipya katika sheria ya Kanisa. Kanuni zake mpya zilisema usiri uepukwe, na kwamba mtu asiunganishwe rasmi na chama kabla ya miaka 18, ingawa aliye mdogo zaidi aweza kupokelewa kama mtarajiwa. Mwaka 2002 Papa huyo huyo alimtangaza Escrivá kuwa mtakatifu.

Lakini maswali hayakuisha. Mwaka 2021 wanawake zaidi ya 40 wa Amerika ya Kusini, waliokuwa wahudumu wa nyumba za chama, walipeleka malalamiko yao Vatikani. Walisema waliingizwa wakiwa wasichana kutoka jamaa maskini, wakaahidiwa masomo, kisha wakapika na kufua miaka mingi bila kulipwa haki yao. Opus Dei imekana mashtaka kwamba wanawake hao walifanywa biashara ya watu. Mwaka 2022, na tena 2023, Papa Fransisko alibadilisha sheria zinazohusu chama hicho na kukiweka chini ya idara ya Vatikani inayosimamia mapadre. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini maskini anapolia, Mkristo hawezi kuziba masikio.

Labda msikilizaji anasema: hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Watu wa Opus Dei walifika Kenya mwaka 1958. Mwaka 1961 Chuo cha Strathmore kilifunguliwa Nairobi, kikawapokea vijana Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja, wakati shule zetu zilikuwa zimegawanywa kwa rangi ya ngozi. Mwaka huo huo Chuo cha Kianda kilianza kuwafundisha wasichana kazi za ofisi. Hilo lilikuwa jema, nasi tulikumbuke. Siku hizi Strathmore ni chuo kikuu, na hakifichi uhusiano wake na Opus Dei. Yule anayeingia anajua anaingia wapi, na hilo ndilo Kardinali Hume alilolitaka katika shauri lake la nne.

Wala tusijione wema tukiwanyoshea wengine kidole. Jiulize, wewe uliye katika kikundi cha sala, kwaya au umoja wa vijana: je, mgeni akija mnamwambia tangu mwanzo ninyi ni nani? Je, mtoto wa shule anaweza kumsimulia mama yake kila kitu mlichomfundisha? Na yule aliyeacha kuja, je, mnamsalimu njiani, au mnageuza uso kana kwamba amekufa? Swali hilo la mwisho limenichoma mimi mwenyewe, maana nimewahi kugeuza uso.

Kuna siri iliyo njema. Bwana alitufundisha kutoa sadaka bila kupiga baragumu, na kusali mlango ukiwa umefungwa. Hiyo ni siri ya kuficha sifa zako. Lakini kuficha nia yako kwa yule unayemwita ni jambo jingine kabisa. Yesu aliposimama mbele ya Kuhani Mkuu alisema kwamba alifundisha mbele ya watu wote, wala hakuwa na mafundisho ya gizani. Tena aliwaambia watu wakae chini kwanza wahesabu gharama, kama mtu anayetaka kujenga mnara. Kijana hawezi kuhesabu gharama asiyoonyeshwa.

Wazazi, msiwazuie watoto wenu kumpa Mungu maisha yao. Mwulize mwanao kwa upole, na umsikilize mpaka mwisho. Nanyi vijana, mkiambiwa na mtu yeyote, hata awe mtu wa dini, kwamba jambo hili baba na mama wasilijue, simameni hapo kwanza. Mtafuteni mtu mzima mwingine mnayemwamini. Wito wa Mungu haupotei kwa kungoja.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukumshurutisha mtu. Utusaidie kuwaita wengine kwa ukweli, na kuwapenda hata wakituacha. Uwalinde vijana wetu, uwafariji walioumizwa kwa jina lako. Amina.

Mungu awabariki, wapenzi. Kwaherini hadi tutakapokutana tena.