Dume la bangi na kisu cha Bredemann

Merikebu za kivita za Ulaya zilisafiri zikiwa zimesheheni bangi: kamba, nyavu, hata matanga. Haikuwa ya kuvutwa. Wakulima waliipandia ganda la shina, lenye nyuzi ndefu ambazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni selulosi, kitu kinachojenga kuta za seli za mimea, alichokitambua Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838. Kiini cha shina nacho kina selulosi, ila kimejaa lignini, ile inayoupa mti ugumu.

Waliotaka mbegu yenye nyuzi nyingi zaidi walikwamishwa na dume. Bangi huwa na mimea dume na mimea jike, na chavua hubebwa na upepo. Jike utalivuna, ulipime, kisha uzihifadhi mbegu zake likiwa bora. Dume ukilikata mapema umeliua kabla halijazaa. Ukingoja likomae, limekwisha kumwaga chavua shamba zima.

Huko Marekani, Lyster Dewey wa Wizara ya Kilimo alitegemea zaidi macho: shina refu, pingili ndefu. Mbegu yake ya Kymington ilisifiwa, lakini macho hayaoni ndani ya shina.

Mjerumani Gustav Bredemann alilipatia tatizo hilo la dume ufumbuzi katika miaka ya 1920. Kabla maua hayajafunguka, alilipasua shina la dume kwa urefu. Nusu moja aliiondoa, akatenganisha nyuzi zake na kuzipima. Nusu ya pili ilibaki shambani, hai. Madume hafifu yaling'olewa upesi, yale bora yakaachwa yachanue. Ukatili mdogo huo, kwa maoni yangu, ulikuwa na akili kuliko vipimo vingi vya gharama. Baada ya miongo kadhaa ya kuchagua hivyo, kiwango cha nyuzi shinani kilizidi maradufu. Kule Hungaria, Iván Bócsa alifuata kanuni hiyohiyo, na mbegu ya Kompolti ikasajiliwa mwaka 1954.

Ila darubini ilionyesha kilichoongezeka ni nini. Nyuzi za awali, zinazojengeka shina likirefuka, ni ndefu na lignini yake ni kidogo. Sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa nyuzi za pili, zinazokuja shina likinenepa: fupi, zenye lignini zaidi. Mtengeneza karatasi hazimsumbui. Mfumaji wa kitambaa laini ndiye aliyeletewa wingi asiouhitaji.